Muulize Fundi Sauti: FLAC iliyozaliwa na MP3

SWALI: Shikamoo Mama. Nina folda kubwa ya MP3 nilizokusanya kwa miaka mingi, na kabati la CD ambazo siku hizi sizigusi. Nimeona programu inayodai kugeuza MP3 zangu zote kuwa FLAC, mfumo wa faili za sauti usiopoteza kitu, kwa usiku mmoja ili nipate ubora kamili. Niitumie? Na nyimbo mpya nizipate wapi kwa njia ya halali? – Msikilizaji wa Usiku

JIBU: Marahaba mwanangu. Programu hiyo achana nayo. MP3 inapotengenezwa, kuna sauti zinazotupwa kwa makusudi, zile ambazo hesabu imekadiria kwamba sikio halitazinasa kwa sababu zimefunikwa na nyingine kubwa zaidi. Kilichotupwa hakirudi. Ukiigeuza MP3 kuwa FLAC utapata faili nzito yenye upungufu uleule, tena iliyovaa jina la uongo. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba ukimgawia mwenzako ataihifadhi akiamini ni nakala kamili, kisha aifute ile nzuri aliyokuwa nayo. Nimefanya kazi ya kunakili kanda za maktaba ya redio, na najua jinsi rekodi nzuri inavyoweza kupotea hivyo, mtu akiwa na nia njema kabisa.

FLAC yenyewe haina kosa. Ni kazi ya Josh Coalson, ilitoka rasmi mwaka 2001, na kuitumia hakulipiwi. Inaikunja sauti kama nguo sandukuni: ukiikunjua, hakuna uzi uliopungua. CD hubeba vipimo 44,100 kwa sekunde kila upande, kila kimoja biti 16, yaani kama megabaiti 10 kwa dakika. FLAC hupunguza mzigo huo hadi karibu nusu, wakati mwingine chini ya hapo kama ni sauti moja na gitaa; muziki wa makelele mengi haukunjiki sana. Utaona ngazi za kubana kuanzia 0 hadi 8. Usihangaike nazo, sauti ni ileile, kinachobadilika ni muda na ukubwa wa faili. Kama vifaa vyako ni vya Apple, ALAC, mfumo wa Apple wenyewe, hufanya kazi hiyohiyo, na ukiibadili kuwa FLAC au kinyume chake hupotezi kitu.

Sasa tufungue kabati, maana hazina yako iko humo. Kwenye Windows tumia Exact Audio Copy, kwenye Mac XLD, kwenye Linux whipper. Programu hizi husoma CD kwa uangalifu, na pale zinapotilia shaka hurudia. Weka CD yenye mkwaruzo uone: kiendeshi kinapunguza kasi, mlio wake unabadilika, kinarudi palepale mara nyingi, na katika dirisha la Exact Audio Copy vitaa vyekundu vinawaka. Kiache kimalize. Kikishindwa, itoe, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usiizungushe, kisha ujaribu tena. Mwishoni programu hulinganisha namba ya uhakiki ya kila wimbo na zile za watu wengine walionakili CD hiyohiyo, kupitia hifadhi iitwayo AccurateRip. Namba zikifanana, una kila sababu ya kutulia. Ripoti yake ihifadhi pamoja na albamu.

Upande wa sheria, soma ya nchi unayoishi. Ujerumani inaruhusu nakala ya matumizi binafsi mradi huvunji kinga iliyowekwa kuzuia kunakili. Uingereza iliweka ruhusa ya namna hiyo mwaka 2014, Mahakama Kuu ikaifuta mwaka uliofuata. Mimi ushauri wangu ni huu: nakili CD uliyoinunua, nakala isitoke mikononi mwako, na CD yenyewe usiiuze.

Kuhusu nyimbo mpya, Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, ndiyo ninayoanza nayo. Ukishanunua unachagua mwenyewe FLAC, ALAC au WAV (sauti isiyobanwa kabisa), na faili ni yako. Qobuz nayo huuza faili za kupakua, mbali na huduma yake ya kusikiliza mtandaoni. Apple Music ina sauti kamili tangu 2021, lakini ulichohifadhi humo hufungwa usajili unapokwisha. Bila malipo kuna Live Music Archive ya Internet Archive, yenye maonyesho ya bendi zilizoruhusu mashabiki warekodi na kugawana. Kwa muziki wa kale wa Ulaya, angalia kwa makini: mtunzi anaweza kuwa alifariki karne mbili zilizopita, na bado rekodi ya okestra ina haki zake.

Ukitilia shaka faili, ifungue kwa programu ya Spek, itakuchorea masafa yake, yaani sauti za chini hadi za juu kabisa. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde mara nyingi hukatika kama kwa rula karibu na kilohezi 16, wakati CD inaweza kufika 22. Ila usihukumu kwa picha peke yake, rekodi nyingi za zamani hazikuwa na sauti za juu tangu studio.

SWALI: Fundi, kikundi chetu kinarekodi mazoezi kwa simu. Tuhifadhi kwa mfumo gani? – Sauti ya Tatu

JIBU: Tafuteni katika mipangilio ya programu ya kurekodi kama kuna WAV au FLAC, kwa sababu nyingi hubana sauti bila kuwaambia. Chagueni biti 24 na kilohezi 48 (vipimo 48,000 kwa sekunde) kama zipo. Mkiimba kwa nguvu zote, kipimo cha sauti kwenye skrini kisivuke desibeli 6 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo. Sauti iliyopasuka haitengenezeki. Haririni katika mfumo huohuo, MP3 itoke mwisho kabisa, kwa ajili ya kutumiana tu. Na kabla hamjaiweka hadharani, ombeni kibali cha mtunzi kama wimbo si wenu, na muandike kwenye karatasi, nyote mkisaini, rekodi ni mali ya nani.