Barua kwa mwanangu: kadi mpya na umri wa zile za zamani

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara mbili, nikaona jibu lake haliwezi kuenea kwenye simu. Umesema benki imekuletea barua ya kukukaribisha uchukue kadi mpya ya mkopo, haina ada ya mwaka, na mwenzako kazini amekutia hofu kwamba ukiichukua utaua umri wa akaunti zako na alama zako za mkopo, zile namba zinazowaonyesha wakopeshaji jinsi unavyoaminika kulipa, zitaporomoka. Ukauliza pia kama ufunge ile kadi ya chuoni, ili zisiwe nyingi. Maneno ya mwenzako yana ukweli nusu. Hilo la kufunga, nakuomba usilifanye kabla hujanisoma hadi mwisho.

Tuanze na umri wenyewe. Watu huutaja kana kwamba ni kitu kimoja. Alama za FICO, hizi zinazotumiwa na wakopeshaji wengi hapa Marekani, zinazoanzia 300 na kuishia 850, hupima mambo kadhaa hapo: akaunti yako kongwe ina miaka mingapi, iliyo changa kuliko zote ina muda gani, na wastani wa zote ukoje. Ukifungua kadi mpya, ile kongwe haiguswi hata kidogo. Kinachobadilika ni uchanga na wastani.

Chukua kalamu tuhesabu. Kadi ya chuoni ina miaka 6, ya pili ina miaka 4. Jumla ni 10, gawa kwa 2, wastani wako ni miaka 5. Ukiongeza ya tatu leo, jumla inabaki 10 lakini sasa unagawa kwa 3: miaka 3 na miezi 4. Ndiyo hapo mwenzako aliposhtuka, na simlaumu, maana ukiitazama tarakimu hiyo peke yake unaona kama umepoteza karibu miaka miwili kwa saini moja. Lakini usifungue nyingine, acha mwaka upite. Sasa zina miaka 7, 5 na 1. Jumla 13, gawa kwa 3: miaka 4 na miezi 4. Wastani hupanda mwaka mzima kwa kila mwaka unaotulia. Anayeumia ni yule anayefungua kila baada ya miezi michache, kwa sababu kila mara anairudisha hesabu nyuma kabla haijapata nafasi ya kukua.

Anaumia pia mwenye kadi moja tu. Mtu mwenye kadi ya miaka 2 akifungua ya pili, wastani wake unakatika nusu papo hapo. Mwenye akaunti kumi za miaka mingi hata hatambui. Wewe uko katikati.

Halafu uupe umri uzito wake halisi. Katika FICO, urefu wote wa historia yako hubeba takriban asilimia 15 ya alama. Kulipa kwa wakati ni 35. Kiasi unachodaiwa ni 30. Mikopo mipya ni 10, na mchanganyiko wa aina za mikopo ni 10. Nimewaona watu wakilia juu ya wastani wa umri huku bili ya mwezi uliopita haijalipwa. Malipo yakichelewa siku 30, mkopeshaji anaweza kuyaripoti, na doa hilo linaweza kukaa kwenye taarifa yako ya mkopo, yaani rekodi ya madeni na malipo yako, miaka 7. Hakuna kadi mpya inayoweza kukufanyia ubaya wa namna hiyo.

Ombi lenyewe nalo lina gharama yake ndogo. Ukiomba kadi, benki huchungulia rekodi yako, na kuchungulia huko huandikwa. Kwa watu wengi ombi moja hupunguza chini ya pointi 5. Huonekana kwenye taarifa miaka 2, ila FICO huhesabu yale ya miezi 12 ya mwisho tu. Ile barua uliyoletewa haikupunguzia chochote. Benki ikitazama ili ikutumie ofa, alama haziguswi. Zinaguswa ukijibu na kuomba.

Sasa nikueleze jambo ambalo mwenzako hakulitaja kabisa, na ndilo ninalotaka ulishike. Kadi mpya inaweza kukupandisha. Kadi zako mbili zina kikomo, yaani kiasi cha juu unachoruhusiwa kukopa, cha dola 2,000 na 3,000, jumla 5,000. Tuseme mwezi fulani umetumia 1,500. Hiyo ni asilimia 30 ya nafasi yako. Ya tatu ikija na kikomo cha 5,000, nafasi yako yote inakuwa 10,000, na 1,500 zile zile zinakuwa asilimia 15. Hukulipa hata senti ya ziada, lakini unaonekana mtu asiyebanwa na deni. Haya yako ndani ya ile asilimia 30 niliyokutajia, ambayo ni mara mbili ya uzito wa umri. Sharti ni moja, na unalijua: nafasi ikiongezeka, matumizi yasiongezeke nayo.

Geuza hesabu hiyo hiyo uone ubaya wa kufunga. Ukifunga kadi ya chuoni yenye 2,000, unabaki na 3,000, na 1,500 zako zinakuwa asilimia 50. Hilo linaweza kukupiga mara tu benki itakapoipeleka habari kwa Equifax, Experian na TransUnion, yale mashirika matatu yanayotunza rekodi za mikopo. Watu hudhani kadi ikifungwa umri wake hufa siku hiyo. Kwenye FICO sivyo: akaunti iliyofungwa ikiwa safi inaweza kubaki kwenye taarifa hadi miaka 10, na umri wake huendelea kuhesabiwa. VantageScore, mfumo mwingine wa alama ambao nao hutumika sana, inaweza kuiacha nje mapema zaidi. Kwa hiyo kidonda cha kwanza cha kufunga ni nafasi iliyopungua. Cha umri huja baadaye, siku akaunti inapofutika na kongwe yako inakuwa ile nyingine.

Mimi nililijifunza hili kwa maumivu, na sijawahi kukusimulia. Nilipofika Marekani sikuwa na rekodi yoyote. Kadi yangu ya kwanza ilikuwa ya kuweka amana kwanza, dola 300, na hizo 300 ndizo zikawa kikomo. Niliitunza kama cheti cha kuzaliwa. Miaka ikapita, nikapata kadi nzuri zaidi, nikaiona ile ya aibu, nikaifunga na kurudishiwa amana yangu. Msimu huo huo wa sikukuu, kwenye maduka mawili tofauti, keshia aliniuliza kama nataka kupunguziwa bei kwa kuchukua kadi ya duka, na mara zote mbili nikasema ndiyo nikiwa nimeshika nguo zako za shule mkononi. Mwezi wa pili nikaenda kuomba mkopo wa gari. Afisa aligeuza karatasi nione, akapitisha kalamu yake mstari kwa mstari: akaunti changa, akaunti changa, na chini kabisa ile kongwe, pembeni yake imeandikwa imefungwa. Hakunikaripia. Alinipa mkopo, ila riba ilikuwa juu kuliko niliyotarajia, na niliilipa miaka mitano. Ndiyo ile gari iliyokupeleka mazoezini.

Basi jibu langu kwako. Kama usingekuwa na mpango wowote karibu, ningekwambia chukua kadi hiyo, kikomo chake kitakufaa na wastani utapona. Lakini ulinieleza kwamba mwezi wa nne unataka kuomba mkopo wa nyumba. Basi usiichukue sasa. Pointi chache zisizo na maana siku nyingine zinaweza kukushusha daraja la riba kwenye mkopo wa miaka 30, na mkopeshaji wa nyumba anaweza kukuchungulia tena kabla hamjatia saini, akakuta akaunti mpya ambayo hamkuizungumza. Ukishapata funguo za nyumba mkononi ndipo uanze kufikiria kadi. Ofa za benki haziishi, nyingine itakuja.

Na ukianza kuzunguka kwa wakopeshaji wa nyumba, usiogope kuwauliza wengi. Matoleo mapya ya FICO huhesabu maombi ya mkopo wa nyumba yaliyofanyika ndani ya siku 45 kama ombi moja. Ya zamani hutoa siku 14, kwa hiyo yabane kwenye wiki mbili uwe salama. Kadi hazina huruma hiyo, kila ombi la kadi linahesabiwa peke yake.

Ile ya chuoni usiifunge. Kama inakukera kwa ada, piga simu uwaombe wakuhamishie kwenye kadi yao isiyo na ada. Mara nyingi akaunti inabaki ile ile na tarehe yake ile ile. Na usiiache droo­ni bila kazi, maana benki inaweza kuifunga yenyewe ikiona haitumiki. Weka bili yako ya simu juu yake, upange ilipwe yote kila mwezi bila wewe kuigusa.

Kabla hatujaonana Jumapili, ingia kwenye tovuti ya AnnualCreditReport.com uchukue taarifa zako zote tatu, moja ya kila shirika; siku hizi unaweza kuzipata bure kila wiki. Zichapishe uje nazo. Nataka tupitie tarehe ya kufunguliwa ya kila akaunti, na tuone kama kuna jina la mkopeshaji usiyemjua.

Akupendaye,
Mama