Kabla hujaitia spiriti meza ya watu

Wadogo zangu mnaojifunza fenicha, jana nimemzuia tena kijana aliyekuwa anasogelea kabati la mteja na tambara linalochuruzika thina. Eti anatoa uchafu tu. Nilimpandishia sauti. Kila wanafunzi wapya wakija, makosa ni yaleyale, na fenicha zinazoharibika ni za watu. Someni.

1. Jua kwanza mbao imepakwa nini. Iwe mninga, mkongo au mtiki, unachosafisha si mbao, ni ngozi iliyo juu yake, yaani polishi. Ziko za aina tatu za kuzijua hapa. Shelaki, polishi ya asili ya fenicha za zamani, huyeyushwa na spiriti. Lakeri ya selulosi, ile ya kupuliza inayokauka haraka, huyeyushwa na thina. Poliyuretani, vanishi ngumu ya plastiki, ikishakomaa haiyeyushwi na spiriti wala thina. Chovya pamba kwenye spiriti, gusa mahali pa kificho, chini ya meza au nyuma ya mguu. Ikinata, umeshapata jibu: ni shelaki. Isiponata, jaribu thina.

Kijana mmoja pale Keko, Dar es Salaam, aliletewa meza ya mninga, mama mmoja kairithi kwa baba yake. Ilikuwa na duara jeupe la kikombe. Duara jeupe ni unyevu ulionasa ndani ya polishi. Likiwa jeusi ndipo maji yamefika kwenye mbao. Kwa shelaki, unapitisha kitambaa chenye spiriti kidogo mno, bila kukandamiza, unaacha pakauke. Yule kijana alishika neno "spiriti", neno "kidogo" likampita. Akalowesha tambara, akasugua kwa nguvu. Polishi ikalainika, nyuzi za tambara zikaganda juu yake. Akaongeza spiriti ili azing'oe. Hofu ilipomjaa akachukua msasa namba 80, akakwangua, tena kukata nyuzi za mbao! Nilipofika, katikati ya meza pamepauka na mikwaruzo imezama. Tukalazimika kuivua meza nzima na kupiga polishi upya. Mama alipokuja akapitisha kiganja juu yake, akauliza, "Fundi, hii ndiyo meza ya baba?" Sikuwa na jibu la kumpa. Na kinachoniuma ni kwamba kijana angesimama iliponata mara ya kwanza, tungeiokoa, kwa sababu shelaki mpya hushikana vizuri na ya zamani. Ukiona kitu kinanata, nyanyua mkono, niite. Sitakula mtu.

2. Vumbi lifute kwa kitambaa laini chenye unyevunyevu, fuata nyuzi za mbao, kausha papo hapo. Jiki, hapana. Na wateja waambieni wasiweke kitakasa mikono juu ya meza ya shelaki: tangu 2020 nimeona alama za chupa hizo kwenye meza nzuri sana, maana kingi ni alkoholi.

3. Dawa za kupuliza zenye silikoni sizitaki. Siku ya kupaka upya, vanishi inaikimbia silikoni na kuacha vitundu. Nta ya nyuki inatosha, nyembamba, si kila wiki.

4. Masanduku ya Zanzibar yenye njumu za shaba: dawa ya shaba ikiingia kwenye nakshi inakauka kuwa unga mweupe, na kuutoa ni kazi ya siku. Toboa karatasi ngumu, izungushie njumu, ndipo usugue.

5. Matambara ya mafuta ya kitani msiyafinyange na kuyatupa pembeni. Yanapokauka yanajipasha moto yenyewe na yanaweza kuwaka usiku hakuna mtu. Yatandazeni nje moja moja, au yazamisheni kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye mfuniko, kabla hamjavua aproni.