Nguzo za Tiwi: ipi hununuliwa, ipi haiguswi?

SWALI: Ninaishi Darwin, kaskazini mwa Australia, na dada yangu mkubwa anakuja kunitembelea kutoka Kilifi. Angependa tuvuke hadi Visiwa vya Tiwi kuona sanaa ya wenyeji, hasa zile nguzo za mbao zilizopakwa rangi, lakini nimeambiwa kuwa ni nguzo za makaburini. Je, tunaruhusiwa kwenda, na ni vyema kununua kitu kama hicho?
Msomaji, Darwin

JIBU: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kukata tiketi. Bathurst na Melville, visiwa viwili vikuu vya Tiwi, viko kiasi cha kilomita 80 kaskazini mwa Darwin, na ardhi yake ni mali ya Watiwi wenyewe kwa mujibu wa sheria ya haki za ardhi ya mwaka 1976. Kwa sababu hiyo mgeni huingia kwa kibali cha Baraza la Ardhi la Tiwi. Mkienda na ziara iliyopangwa, kwa kawaida mwenye ziara huwaombea. Chagueni miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba.

Nguzo hizo huitwa tutini. Miezi kadhaa baada ya mazishi hufanyika maombolezo makubwa yaitwayo Pukumani, ambayo kwayo ndugu wa marehemu huwapa watu wengine kazi ya kuchonga nguzo za mti mgumu, kuzipaka rangi na kuzisimika kuzunguka kaburi kwa nyimbo na ngoma, kisha huwalipa kwa kazi hiyo. Baada ya hapo nguzo huachwa palepale, zipigwe na jua na mvua mpaka zioze. Hizo haziguswi.

Dada yako, akiwa mtu wa Kilifi, ataelewa jambo hili upesi kuliko wageni wengi. Vigango vya Wamijikenda, yaani nguzo za mbao za kumbukumbu ya wafu, vilivyosimikwa kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu, navyo havikupaswa kung'olewa. Lakini viliibwa, vikauzwa, vingi vikaishia katika makumbusho za Marekani, na ni mwaka 2014 tu ndipo makumbusho moja ya Denver ilipokubali kurudisha 30. Nisingependa uchungu tulioonja sisi wa pwani umfike Mtiwi kupitia kwetu.

Hata hivyo, Watiwi wenyewe huchonga tutini kwa ajili ya kuuza, na hilo si jambo la jana: mwaka 1958 wachongaji wa Milikapiti waliagizwa nguzo 17 kwa ajili ya jumba la sanaa la New South Wales mjini Sydney. Nguzo ya namna hiyo haijawahi kusimama juu ya mtu, na mnaweza kuinunua bila wasiwasi katika vituo vya wasanii: Tiwi Design kule Wurrumiyanga, Jilamara kule Milikapiti, au Munupi kule Pirlangimpi. Mkifika Milikapiti, ombeni ruhusa ya kukaa kando ya mtu anayepaka rangi. Mtaona kitana cha mbao, kayimwagakimi, kikichovywa katika udongo mwekundu, wa njano au mweupe, kisha kikigandamizwa mara moja na kuacha safu nzima ya vitone. Kazi iliyonunuliwa kituoni huja na karatasi yenye jina la msanii, ilhali ripoti ya serikali ya Australia ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya fedha zinazotumika kununulia vikumbusho vya mtindo wa wenyeji huishia kwenye bidhaa ambazo wenyeji hawakuzitengeneza.

Msipige picha makaburini, wala msitaje jina la aliyefariki mbele ya jamaa zake, maana kwa mfiwa jina hilo ni mwiko. Na kama nguzo itakuwa nzito mno kwa safari ya Kilifi, ulizeni kuhusu tunga, mfuko wa gome la mti uliochorwa kwa rangi zilezile, ambao katika Pukumani hufunikwa juu ya kichwa cha nguzo.