Sandwichi ya siagi ya karanga na jamu inalowa kabla ya muda wa kula? Usilaumu mkate

Dada umeuliza kwa nini sandwichi ya siagi ya karanga na jamu unayomtengenezea mwanao usiku, akija kuifungua mchana wa kesho yake anakuta slesi moja imelowa chapachapa, imegeuka zambarau na inamegukia mkononi, na ukataka kujua ubadilishe mkate au ubadilishe jamu. Nimesoma waliotangulia, mmoja anasema tosti mkate, mwingine anasema nunua mkate mgumu wa ngano nzima, mie nasema mkate huo huo unatosha kabisa, unachobadilisha ni mpangilio tu. Nafunga sandwichi hizi karibu kila siku ya kazi, za watoto na yangu mwenyewe, kwa hiyo haya ninayoyaandika ni ya jikoni, sio ya kusikia.

Iko hivi. Watu wengi wanapaka siagi ya karanga slesi hii, jamu slesi ile, wanafunika, wameshamaliza. Sasa ile slesi ya jamu haina kinga yoyote. Jamu nyingi sukari yake inafika kama asilimia 60 na kilichobaki karibu chote ni maji, mkate nao una vitundu vitupu unakunywa chochote ukigusishwa, ukiviacha vikumbatiane usiku kucha unategemea nini? Siagi ya karanga ni kinyume chake, karanga yenyewe karibu nusu ni mafuta na ikishakaangwa maji yanabaki kidogo mno, kwa hiyo ukiipaka inaziba vile vitundu. Paka siagi ya karanga slesi ZOTE MBILI, jamu iweke katikati, isiguse mkate hata chembe. Ndo siri yote hiyo, ila kwenye kuifanya kuna vitu vidogo ukivipuuza utarudi hapa kunitukana.

Kwanza siagi yenyewe iwe laini. Ikitoka kwenye friji inakuwa ngumu, ukiilazimisha kwa kisu inachuna mkate unabaki na mashimo, na shimo lolote ndo mlango wa jamu. Chovya kopo kwenye bakuli la maji ya moto dakika chache, au itoe mapema tu ipate joto la chumbani. Na kama mkate wako ni ule laini sana unaochanika hata ukiutazama vibaya, weka slesi friza usiku, asubuhi zipake zikiwa bado ngumu, kisu kinateleza vizuri kabisa na zitayeyuka zenyewe ndani ya kontena. Kipimo changu ni kijiko cha mezani kimoja kwa kila slesi, na naipeleka mpaka ukingoni, sio ile ya kuacha kidonge katikati kona zote kavu.

Jamu sasa. Hapa ndo nina ugomvi na watu, maana kuna tabia ya kuikoroga jamu kwenye chupa ili iwe rahisi kupaka. Usiikoroge! Jamu imeshikana kwa sababu ya pektini, hicho kitu cha asili kwenye matunda ambacho kikipata sukari na asidi kinatengeneza kama wavu ulioshika maji ndani yake, ukiukoroga unaukata ule wavu na maji yanaachia. Ndo maana chupa iliyochotwachotwa huwa ina kidimbwi cha maji pale kwenye shimo la kijiko. Kidimbwi hicho kimwage, kisha chota jamu kwa kijiko kikavu ikiwa kipande kizima, iweke katikati ya slesi iliyopakwa siagi na uisukume taratibu kwa mgongo wa kijiko kuelekea pembeni, ukifika kama sentimita moja kabla ya ukingo simama. Ukifunika itasogea yenyewe, ukiifikisha ukingoni inatokea nje na kuchafua kila kitu. Vijiko vya chai viwili vinatosha. Najua kuna wenye mkono mzito humu, lakini jamu ikizidi unene wa siagi hata ufanye ufundi gani itavuja.

Jamu yenye vipande vya matunda au mbegu huwa inatulia kuliko zile laini za kumiminika, ukiwa na uchaguzi chukua hiyo nzito. Asali ndo usijaribu kwenye sandwichi ya kulala, inapenya haraka kuliko jamu, asali ni ya kupaka na kula hapo hapo. Na mtoto chini ya mwaka mmoja asali hapewi kabisa kwa sababu ya hatari ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria, hilo halina mjadala.

Aliyesema tosti hajakosea sana, mkate uliotostiwa uso wake umekauka kwa hiyo unachelewa kulowa. Shida ni pale mtu anapofunga ukiwa bado wa moto, ule mvuke unakosa pa kwenda unarudi kwenye mkate, unaishia kula kitu kimelowa halafu kigumu kama ngozi. Ukitosti zisimamishe slesi zimeegemeana mpaka zipoe kabisa, usizilaze kwenye sahani maana upande wa chini unatoa jasho. Mie kwa sandwichi ya kubeba sitosti, ya kula nyumbani natosti kila mara, siagi ikikutana na mkate wa moto inayeyuka kidogo, utamu wake ni mwingine.

Kuna mdau kauliza siagi ya karanga ya aina gani, hii ya dukani inayokaa imeshikana au ile inayojitenga mafuta juu. Kwa kazi hii zote zinafaa. Ya kushikana imeongezewa mafuta yanayoganda, utaalamu ambao mkemia mmoja wa Marekani, Joseph Rosefield, aliuleta miaka ya 1920, kabla ya hapo zote zilikuwa zinajitenga tu na hakuna aliyekufa. Ile ya karanga tupu ilaze chupa kichwa chini usiku mmoja kabla hujaifungua, mafuta yatapanda kuelekea kitako, ukiigeuza na kuikoroga inachanganyika kirahisi. Hii ndo ya kukoroga, sio jamu, msije mkanichanganyia mafaili. Na usimwage yale mafuta ya juu, ukiyamwaga huko chini utabaki na kitu kikavu kama udongo hakipakiki.

Ukitaka kusaga mwenyewe, kaanga karanga kwa moto mdogo huku unageuza mpaka zinukie na zibadilike rangi kidogo, menya maganda, tia kwenye blenda zikiwa bado za vuguvugu. Zitaanza kuwa kama chenga za mchanga, kisha zitajikusanya bonge moja linazunguka tu bila maana, hapo ndo wengi wanakata tamaa na kuongeza maji. Usiongeze maji! Maji yanaikaza inakuwa kama unga uliokandwa, na haikai muda inaharibika. Zima, kwangua pembeni, acha mashine ipumzike, washa tena, ghafla utaona lile bonge linalegea na kung'aa, mafuta yameshatoka hayo. Chumvi kidogo mwishoni basi. Ila kabla hujakaanga kaa chini uchague, yoyote iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au ukiionja ni chungu tupa, sumu kuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiishi kwa kukaangwa, inapungua tu.

Nje ya mada kidogo, nilicheka nilipogundua kwamba hili la mpangilio ni la zamani. Mwaka 1901 mama mmoja Mmarekani, Julia Davis Chandler, aliandika kwenye jarida la mapishi la Boston namna ya kutengeneza sandwichi ndogo za karanga na jeli, na yeye alitumia slesi nyembamba TATU, karanga safu moja, jeli safu nyingine, yaani havikugusana kabisa mkate ulikuwa katikati yao. Nimeijaribu, ni tamu ila ni mkate mtupu, na ule wa katikati unalowa vilevile.

Kufunga: karatasi ya kufungia chakula kwanza, kisha kontena lisiwe kubwa sana, sandwichi ikicheza ndani slesi zinateleza na jamu inatoka. Kata kwa kisu cha meno, kisugue taratibu mbele nyuma bila kukandamiza. Mie sikati kabisa ile ya kubeba, maana ukikata umefungua ukuta mwenyewe, lakini kama mtoto ni mdogo hawezi nzima basi kata asubuhi, sio usiku. Na usiilaze kwenye friji. Mkate kwenye friji unakakamaa haraka kuliko ukiwa nje, wanga wake unajipanga upya kwenye baridi ile. Kwa usiku mmoja acha mezani ndani ya kontena lililofungwa, siagi ya karanga na jamu havina shida na hilo. Kwa siku nyingi peleka friza moja kwa moja, zinakaa vizuri tu, mie Jumapili natengeneza za wiki nzima, asubuhi natoa moja inaingia kwenye begi ikiwa barafu, mpaka mchana imeshalainika.

Kuhusu shule, uliza kwanza kama darasani kuna mtoto mwenye aleji ya karanga, hata kama wa kwako hana. Aleji hii sio ya kujikuna tu, inaweza kumfunga mtu pumzi. Ukiwa na mtu wa hivyo nyumbani kisu cha karanga kisiingie kwenye chupa ya jamu, maana watu wanakumbuka kuepuka siagi wanasahau jamu iliyochafuliwa. Na kwa wale wadogo kabisa paka nyembamba, usimpe kijiko cha siagi alambe, inanata kooni.

Umeuliza pia kama ukate zile kingo ngumu maana mwanao hazipendi. Zikate akishafika wakati wa kula au mwache azimege mwenyewe, usizikate wakati wa kufunga, kwa sababu zile ndo zinazuia jamu isitoke pembeni. Akigoma kabisa basi ukishakata bonyeza pande zote nne kwa mgongo wa uma mpaka slesi mbili zishikane, na hapo jamu ipunguze iwe kijiko kimoja cha chai.