Maswali ya Wasomaji: Ufuo Mtulivu, Watoto na Maji

SWALI: Tumepata ufuo usio na watu, na hauna waokoaji. Watoto wetu wana miaka 4, 7 na 11. Twende saa ngapi, na tutajuaje pa kuogelea? – Mama wa Watatu

JIBU: Mama, pangeni safari kwa maji, si kwa saa ya kifungua kinywa. Tafuteni jedwali la kupwa na kujaa la pwani hiyohiyo. Kwenye pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa hupita saa sita na ushei. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo saa za wiki iliyopita hazifai tena.

Kwa mtoto wa miaka 4, saa moja kabla na moja baada ya maji kupwa ndizo tamu: mchanga ni mpana na madimbwi yaliyobaki humfika magotini. Ila msivuke kwenda kwenye fungu la mchanga lililo mbele. Maji yanaporudi hujaza kwanza mfereji ulio nyuma yenu, na kasi yake ni kubwa zaidi katika saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hali huwa kali zaidi.

Kabla ya kuvua viatu, simameni mahali palipoinuka mtazame mawimbi kwa dakika 10. Penye mkondo wa kurudi baharini mawimbi hayavunjiki, huku pande zote mbili yanavunjika. Maji ni meusi kidogo, na povu linaelekea nje. Wageni hupachagua hapohapo kwa sababu panaonekana shwari! Mkondo huo mara nyingi huongeza nguvu maji yanapopwa. Aliyenaswa asishindane nao: aelee, apige kelele, kisha aogelee sambamba na ufuo hadi atoke, ndipo arudi.

Mlinzi awe mtu mzima mmoja anayejulikana, bila simu, abadilishwe kila dakika 20. Wakiangalia wote, haangalii mtu. Wa miaka 4 asiwe mbali kuliko urefu wa mkono.

SWALI: Mwamvuli wetu huruka kila tukiuchomeka.

JIBU: Mmeishia kwenye mchanga mkavu, nao haushiki. Zungusheni mlingoti huku mkiusukuma mpaka uzame sentimita 50 au 60, kwenye mchanga wenye unyevu. Shindilieni, kisha inamisheni kichwa cha mwamvuli kuelekea upepo unakotoka. Upepo ukianza kurusha mchanga, ufungeni. Kivuli pekee hakitoshi, maana mchanga na maji huakisi mionzi. Pakeni mafuta ya kukinga jua ya kiwango cha 30 au zaidi, mrudie kila saa mbili na kila wakitoka majini.

SWALI: Wachimbe shimo la kina gani?

JIBU: Lisipite goti la mtoto mfupi kuliko wote. Kuta zikikauka huporomoka bila dalili. Mahandaki wasichimbe kabisa, na mfukie kabla ya kuondoka.

SWALI: Na bata wa kupulizia?

JIBU: Kwenye dimbwi tu. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu humpeleka nje haraka kuliko mnavyoogelea. Bata akishachukuliwa, mwacheni aende.