Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Naacha Filamu Katikati

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Waalaikumu salaam. Sisi wazima. Baba yako goti linamsumbua na baiskeli haachi, dawa yake sina. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza, nikaona nikuandikie, maana nikianza kukurekodia wateja wanaingia na maneno yanakatika.

Umeuliza: "Mama, kila ninachokuchagulia unaangalia nusu unaacha. Kwani unatafuta nini?" Unasema umenilipia Netflix, umenipangia orodha, na ukichungulia kwenye akaunti unakuta kila kitu kimesimama katikati. Kwanza sikujua kwamba huwa unachungulia. Pili, jibu lipo, wala si kwamba mama yako kazeeka hana subira. Mimi nikiangalia filamu nataka kujua mtu huyu anakula kwa kazi gani. Nisipojua, mkono wenyewe unaifuata rimoti.

Tamthilia nyingi za siku hizi, za kwetu na za majirani, zinaanzia sebuleni. Sebule ina ngazi za kupandia juu na makochi meupe ambayo hayajawahi kukaliwa na mtoto. Mama mwenye nyumba ndiyo kwanza anaamka, lakini kope za bandia zipo na gauni alilovaa ni la kwendea sendofu. (Hapo nasema kama fundi. Lesi ile huwezi kulalia, inakwaruza.) Mezani kuna chai, mayai, matunda na juisi. Wanakaa, anaingia mtu, wanagombana, wote wananyanyuka. Hakuna aliyekunywa hata funda moja, na hatuoni nani anaondoa vyombo. Kisha tunapelekwa ofisini. Kuna kampuni. Kampuni inauza nini? Sizoni inakwisha hatujaambiwa. Mkurugenzi anaweka sahihi, anapokea simu, anamfumania mtu. Wanatoana roho kwa urithi wa mali ambayo hatukuona ikichumwa. Na mimi nimekalia cherehani, nina sare za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa. Nitamwonea vipi huruma mtu ambaye akinyang'anywa hiyo kampuni sijui kama atalala njaa au atahamia nyumba nyingine yenye ngazi?

Usidhani nataka filamu za maskini watupu. Tajiri naye ana kazi. Nionyeshe alivyoupata huo utajiri, nionyeshe anavyopunja kwenye mizani, nitakaa mpaka usiku wa manane.

Ndiyo maana Binti niliimaliza, ingawa hukuniuliza. Ile ya Seko Shamte, ya 2021, inayotajwa kuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kuingia Netflix. Wanawake wanne wa Dar, kila mmoja na sehemu yake. Tumaini ana duka, na ana deni kwa mtu ambaye hakopeshi kwa huruma. Hapo nilisimamisha cherehani. Wewe uko Arusha hujui mambo ya hapa mtaani siku hizi: mikopo ya kausha damu imeingia kila nyumba, na siku ya marejesho utawaona wanawake wazima, wenye heshima zao, wanafunga mlango wa mbele na kutokea uani. Filamu ile imejua kwamba deni halibaki dukani. Linakuja mpaka mezani, linakaa katikati yako na mwenzako. Nilichokataa ni kule kugawa. Ukishamzoea mmoja unakabidhiwa mwingine, na yule wa kwanza bado una maswali yake mdomoni. Halafu nyumba zao ni safi mno, zile nyumba zenye msichana wa kazi lakini kamera haimwoni. Stella anayehangaikia mtoto aliniliza, sikufichi, ila nadhani nilimlilia shangazi yako zaidi kuliko Stella.

Kuhusu Vuta N'Kuvute najua utanijia juu, maana kitabu cha Adam Shafi ulikisoma kidato cha tano ukawa unatuigizia Mwajuma jikoni mpaka wali ukaungua. Filamu ya Amil Shivji ni nzuri kwa macho kuliko filamu yoyote ya Kiswahili niliyoiona. Unguja ya miaka ya 1950, zile kuta, ule mwanga, na Siti Amina ndani ya Mwajuma, ambaye akiingia tu chumba kinapata joto. Sishangai kwamba ilikwenda Toronto mwaka 2021, wala kwamba mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kugombea Oscar. Lakini kuna mahali nilijiona kama naangalia picha zilizotundikwa ukutani. Yasmin wa kitabuni anapoikimbia ndoa ya yule mzee Raza, tunakijua vizuri anachokikimbia, na tunajua huko Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, alikokimbilia watu wanaishi vipi. Filamu ina dakika kama 90, haiwezi kubeba kurasa zote, nakubali. Ila katika kuchagua wamebakisha mapenzi na siasa, wakapunguza sufuria. Denge na wenzake wanapanga kumwondoa mkoloni, na mimi najiuliza, leo hawa wamekula kwa nani?

Baba yako anasema nakosea. Anasema ile ni filamu ya kishairi, na mashairi hayataji bei ya unga. Nimemwambia akasikilize taarabu za zamani vizuri, atakuta unga umo, na mafuta ya taa yamo.

Sasa nikupe mfano wa kinyume, na najua utacheka. Unaikumbuka Doudou? Ilikuwa 2011, kwenye TBC, nawe ulikuwa bado mdogo lakini ulikuwa unakataa kulala mpaka iishe. Tamthilia ya Kichina, watu wa Beijing, wanaongea Kiswahili midomo haifuati maneno, na mtaa mzima umekaa. Ilipendwa mpaka Rais Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba yake. Wanaoeleza kwa nini tuliipenda husema ni kwa sababu ya mambo ya mkwe na mkamwana. Ni kweli Doudou alikuwa na mama wakwe wawili, aliyemzaa mumewe na aliyeolewa na baba mkwe baadaye, na kila mmoja anamvuta upande wake. Lakini mama wakwe tunao hapa tele, hatukuwa na haja ya kuagiza kutoka China.

Mimi nilimpendea unesi wake. Doudou ni nesi. Anatoka zamu miguu imevimba, anafika nyumbani anakuta kesi mbili zinamsubiri, na kesho alfajiri ana zamu nyingine. Mumewe yuko kwenye studio ya kupiga picha za maharusi, kutwa anawapanga watu watabasamu, usiku kwake hakuna wa kutabasamu. Ugomvi wao unaanza kwa sababu mtu kachelewa kazini, na unakatika kwa sababu mtu anatakiwa kulala. Hivyo ndivyo mimi na baba yako tulivyogombana miaka yote. Hatujawahi kupata nafasi ya kugombana mpaka mwisho, maana bandari ilikuwa inamwita na mimi nina nguo ya mtu. Waandishi wetu wa tamthilia wanawapa watu ugomvi wa saa nzima. Nani ana saa nzima?

Na hapo ndipo ulipokosea kuhusu Squid Game, ile tamthilia ya Kikorea ya watu wenye madeni wanaocheza michezo ya watoto kwa kufa na kupona ili wapate hela. Ulisema, "Mama, hiyo hutaiweza, ina damu." Sizoni ya kwanza, ya 2021, nimeimaliza yote. Damu niliizoea, kwa sababu kabla hata mchezo mmoja haujachezwa walishanieleza Gi-hun ni nani. Alikuwa kiwanda cha magari, akaachishwa, sasa anaendesha magari ya watu usiku, anaishi kwa mama yake anayeuza sokoni, na hela ya mama anakwenda kuchezea kamari ya farasi. Mama mwenyewe ana kisukari, mguu unaoza na bado anadamka. Kuna na yule kijana wa Kipakistani, Ali, bosi wake kamfanyisha kazi miezi hajamlipa. Unawajua wote kwa kazi zao na kwa madeni yao. Wenzio wote wanasifia lile doli linalogeuza kichwa. Mimi nakwambia sehemu bora ni ya pili, na ndani yake hakuna anayekufa uwanjani. Wamepiga kura, wameachiliwa, wamerudi makwao, na wengi wanarudi mchezoni kwa miguu yao wenyewe kwa sababu huko nyumbani mambo ni yale yale. Aliyeandika sehemu ile amewahi kudaiwa, au kaishi na mtu anayedaiwa.

Sizoni ya pili, iliyotoka Desemba 2024, imenichosha. Wameingiza vijana waliopoteza hela kwenye sarafu za mtandaoni, mmoja anaimba, mmoja alikuwa anawashauri wenzake huko mtandaoni wawekeze, na mimi sikujua nimlilie yupi. Aliyenishika ni mmoja tu, yule bibi Geum-ja, aliyeingia mle ili amlipie mwanawe deni la kamari, halafu anamkuta mwanawe naye yumo, kavaa nguo ile ile ya kijani. Nilizima, nikaenda kukunja nguo za wateja, nikarudi kuwasha. Ya tatu, ile ya Juni 2025, mdogo wako alishanisimulia kinachowapata yule bibi na mwanawe, basi siiangalii. Sikatai kwamba imeandikwa kwa ufundi. Lakini kumfikisha mama mzazi pale, kisa watu washtuke, naona mwandishi alikuwa ameshamaliza cha kusema na bado alikuwa anadaiwa sehemu.

Utaniuliza, mbona basi tamthilia za Kituruki za enzi za masultani sizikosi, na mle hakuna anayefanya kazi ila wapishi na wanyongaji? Hapo umenipata. Zile sitafuti kazi, natafuta mishono. Kuna kaftani moja ya mke wa sultani niliisimamisha kwenye skrini nikaichora kwenye karatasi ya khaki, na tayari kuna bibi harusi wa Chumbageni amelipa nusu. Hadithi yenyewe sikumbuki nani alimwekea nani sumu.

Filamu za baba yako tuziache. Yeye anataka ngumi, na steringi asife, basi. Tunaelewana kwa kupokezana rimoti.

Kwa hiyo ukiniwekea nyingine, usitazame imepewa nyota ngapi wala vijana wanasema nini. Iangalie mwenyewe dakika kumi za mwanzo. Ukimwona mtu kashika mwiko, usukani, chaki, wavu, mfuko wa simenti, au hata faili la wizi mradi tujue anaiba nini, niwekee. Ukiona ngazi na glasi za mvinyo asubuhi, mwachie wifi yako, yeye anazipenda na kila jina la mwigizaji analo kichwani.

Na ile ya Kenya, Country Queen, ya mwaka 2022, usiifute. Najua unaiona imesimama, ila sikuiacha kwa hasira. Mambo ya Nairobi mle, na mikutano yao ya vioo, nilikuwa naruka. Lakini kule kijijini anakorudi Akisa, kampuni ya madini inataka ardhi na wanakijiji wengine wanataka kuuza na wengine hawataki, hapo pamenikamata. Hata yeye mwenyewe kazi yake inajulikana, anaandaa sherehe za watu, na unaona kabisa kwamba kijijini ufundi huo haumsaidii kitu. Nilifika sehemu ya nne bando likakata, na mdogo wako anasema la kwake ni la kusomea. Ukinitumia la wiki nitaimaliza, kisha nitakwambia kama wameiharibu mwishoni.

Mama yako