Kadi mbili za kijivu

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nataka kupaka chumba cha kulala, na nimebaki na kadi mbili za rangi: kijivu chenye ukijani kwa mbali, na kijivu chenye uzambarau. Mume wangu anasema ni rangi ile ile, nahangaika bure wiki nzima. Sakafu ni vigae vyekundu; dirishani jua linaingia asubuhi tu. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si rangi moja, na hukuhangaika bure. Ziweke kadi zote juu ya karatasi nyeupe pe, zikigusana. Moja itakimbilia kwenye majani, nyingine kwenye biringanya. Rangi iliyofifia hujificha mpaka ipate jirani.

Na jirani wa ukuta wako ni vile vigae. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi nyuzi kwenye karakana ya Gobelins, Paris, alilieleza jambo hili mwaka 1839: rangi zikikaa pamoja, jicho huzitofautisha zaidi kuliko zilivyo. Kwa hiyo karibu na wekundu, ile ya kijani itazidi ukijani. Ile ya zambarau ndiyo inayonitia wasiwasi, maana jua likipiga vigae, mwanga mwekundu unapanda ukutani, na chini pale utaona waridi.

Nilipaka zambarau kama hiyo chumbani kwangu kwa kuangalia kadi tu. Mchana ilipendeza. Usiku nikiwasha taa ya njano, ukuta ulikuwa kama ngozi iliyovilia damu. Nililala humo miaka minne, na bado inaniuma.

Tafuta vipande viwili vya boksi, kila kimoja kama nusu mita. Paka mikono miwili, yaani rangi juu ya rangi, acha vikauke kabisa, kwani rangi mbichi hudanganya. Visimamishe ukutani, usivilaze. Vitazame asubuhi, alasiri, kisha usiku kwa balbu ile ile utakayotumia: iliyoandikwa 2700K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) hutoa mwanga wa njano, ya 6500K mweupe unaoelekea buluu. Ukibadili balbu baadaye, umebadili na ukuta.

Mimi ningechukua ya kijani. Lakini kuta nne zikiangaliana rangi hukolea kuliko kadi, basi ukiona inakuzidi hata kwenye boksi, mwombe muuzaji rangi hiyo hiyo iliyo hafifu zaidi.